Harpers Ferry: Pale Sheria Ilipoachana na Haki

Mji mdogo wa Harpers Ferry, Marekani, umo penye makutano ya mito ya Potomac na Shenandoah, katikati ya milima ya Blue Ridge. Nilipoutembelea, mandhari yalinivutia, lakini zaidi lilinivutia jengo dogo la matofali. Humo John Brown alijihami Oktoba 1859, baada ya kuvamia ghala la silaha ili kuwakomboa watumwa. Wa kwanza kuuawa na watu wake alikuwa Heyward Shepherd, mtu mweusi huru. Jambo hilo tusilifiche. Serikali ya Marekani ilituma wanajeshi, wakamkamata. Katika mji jirani wa Charles Town, mahakama ya Virginia ilimhukumu kwa uhaini, akanyongwa tarehe 2 Desemba. Sheria ilikuwa upande wa wenye watumwa.

Mwaka 1865 utumwa ulipigwa marufuku nchini kote. Leo serikali ile ile iliyomkamata inalitunza jengo hilo kama urithi wa taifa. Basi sisi tunaoutumikia umma, kabla ya kusema “sheria ndivyo ilivyo”, tuulize kwanza inamlinda nani.