Barua kutoka Maporomoko ya Rhine

Neuhausen, Uswisi

Mjomba,

Nimekaa kwenye ukuta wa mawe kando ya maporomoko na karatasi imeshaanza kulowa. Mto Rhine hapa unaanguka mita 23 tu, lakini una upana wa kama mita 150, na manyunyu yanakufuata popote unapojificha. Wenzangu wamepanda boti. Mimi nimekuja kwa ajili yako: mwaka 1888 palianzishwa hapa kampuni iliyozalisha aluminiamu kwa nguvu za maji haya. Sufuria zako zina babu huku.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni kingine. Unakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza niengue ule utando wa kijivu kabla hujamimina aluminiamu kwenye kalibu? "Toa huo uchafu, sufuria itavuja!" Basi sikia. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mtafiti wa kampuni hiyo aitwaye Irmann aliuchukua utando uleule akaufanya ndio nguvu ya aluminiamu.

Walisaga aluminiamu ikawa unga wa vigamba vyembamba. Kila kigamba kikipata hewa hujivika utando wake papo hapo. Unga ukashindiliwa, ukaokwa bila kuyeyuka, kisha ukasukumwa ukiwa wa moto kupitia tundu jembamba, kama bibi anavyokamua tambi. Humo utando hupasukapasuka, vipande vyake visivyoonekana kwa macho vikatapakaa kila mahali. Wakaiita SAP.

Faida yake iko motoni. Aluminiamu ngumu ya kawaida, tuseme iliyotiwa shaba, ugumu wake unatokana na chembe ndogo sana zilizojitenga ndani yake. Joto likizidi nyuzi 200, chembe hizo huungana na kunenepa, kama uji uliokosa mwiko ukafanya madonge, na aluminiamu inalegea. Chembe za utando haziungani. Aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, ila utando wake unasubiri mpaka zipite 2,000! Kwa hiyo SAP ilibaki na nguvu hata kwenye nyuzi 400, na miaka ya 1960 watafiti wa Ispra, Italia, walitaka kuitumia kwenye kinu cha nyuklia. Wamarekani nao wakaja na njia yao: waliichanganya aluminiamu na chuma na vanadi, wakaigandisha kufumba na kufumbua, halafu wakaisaga na kuishindilia vilevile.

Najua unachowaza, mjomba, na jibu ni hapana. SAP ukiiyeyusha pamoja na pistoni zako za skrepa, utando unajitenga na ile nguvu inapotea. Utabaki na aluminiamu ya kawaida na uchafu mwingi wa kuengua. Kuichomelea ni taabu, na ukiikunja sana inakatika. Halafu unga wa aluminiamu ukitimka hewani ukakutana na cheche, unalipuka. Kijana yeyote asijaribu kuusaga hapo kibandani, tafadhali.

Baridi imeanza kuniingia vidoleni. Nitarudi mwezi ujao. Uchafu utakaoengua wiki hii usiumwage nyuma ya kibanda. Niwekee kidogo kwenye kopo la maziwa, nataka kuutazama vizuri.

Wako,
Mpwa wako