Hati Moja, Mikono Mitatu

Sisi watatu tulipoanza kutunga kamusi ndogo ya maneno ya shule, kila mmoja alikuwa na nakala yake, na nakala hizo hazikupatana hata siku moja. Mwaka jana tukaihamishia kazi yetu katika Google Docs, chombo kilichoanza mwaka 2006. Hati haikai katika kompyuta yangu hapa Kampala, bali katika mitambo ya kampuni, mbali sana. Watu hupaita mahali hapo "wingu", ingawa mitambo yenyewe imesimama ardhini kama ghala lolote. Mwenzangu wa Bujumbura akiandika neno, naliona likiota mbele ya macho yangu.

Asubuhi moja nilikuta maneno yote ya herufi M yamefutika. Nikamwandikia mwenzangu huyo waraka mkali ambao naona haya kuunukuu. Jibu lake lilikuwa fupi: nifungue kumbukumbu ya matoleo ya hati, ambamo kila badiliko huwekwa pamoja na saa na jina la mtendaji. Nikafungua. Saa tano na dakika kumi usiku, jina langu. Bila shaka nilikuwa nikisinzia.

Maneno ya M tuliyarudisha papo hapo, nami nikampigia simu kumwomba radhi. Waraka ule bado anao.