Namba ya Simu Iliyogoma Kufa

Mwaka 2004 nilikuwa nasoma Riyadh, na kwa kosa la kusema mkutanoni kwamba "kompyuta naijuajua", nikabebeshwa tovuti ya chama chetu. Ukurasa uliokuwa na kazi ni mmoja tu, wa michango. Tulikuwa tunachangisha tiketi ya kumrudisha Tanga mzee wetu mmoja, mpakia mizigo kwenye bohari huko Al-Sulay, aliyeanguka akavunjika nyonga. Tiketi ilipwe Jumatano, asafiri Alhamisi. Mwenye kuchanga ampigie mweka hazina.

Sasa mweka hazina akaenda likizo, simu kazima. Akashika mwingine. Jumamosi usiku nikabadili namba kwenye ukurasa, nikaitazama nakala iliyo kwenye kompyuta yangu, nikalala.

Jumapili kimya. Jumatatu kimya. Jumanne jioni mwenzake mzee akanipigia: "Mdogo wangu, hiyo namba yenu imekufa, watu wanasema mmekula hela."

Nikapanda teksi hadi Al-Sulay, kule kwenye mabohari na gereji, nikaingia intaneti kafe ya jirani. Nafungua ukurasa: namba ya zamani! Nikabonyeza kitufe cha kufungua upya hadi kijana wa kafe akanikodolea macho. Ileile. Nikampigia dada yangu Dar es Salaam. Yeye anaiona mpya. Jamani!

Tangu umma wa Saudia uruhusiwe intaneti mwaka 1999, mawasiliano ya kwenda nje yalipitia lango moja, kwenye mji wa sayansi na teknolojia wa Mfalme Abdulaziz, hapohapo Riyadh. Palikuwa na mashine ziitwazo proksi, za kuchuja kurasa zilizokatazwa na pia kuweka nakala za zile zinazofunguliwa mara kwa mara, maana njia ya nje ilikuwa nyembamba na ghali. Hiyo akiba ya nakala ndiyo kashe. Mtoa huduma naye aliweza kuwa na yake. Nakala yangu ilikuwa imelala mojawapo njiani.

Nikaongeza alama ya kuuliza na herufi mbili mwisho wa anwani. Namba mpya ikatokea! Kashe iliona ni anwani nyingine, ikaenda kuichukua kwenye seva. Kisha nikaomba ile anwani ya kawaida kwa telnet, nisome heda. Hali ni 200, yaani sawa. Age: 302400. Hizo ni sekunde, siku tatu na nusu. Nakala ilichukuliwa Jumamosi asubuhi, kabla sijabadili. Last-Modified ilionyesha siku 60 nyuma. Cache-Control hakuna.

Kumbe kosa langu. Seva isiposema nakala idumu muda gani, kashe inakisia. Kanuni za HTTP za Juni 1999 zilitaja kama mfano asilimia 10 ya umri wa ukurasa. Kwa siku 60 ni siku sita. Namba iliyokufa ingedumu hadi Ijumaa asubuhi, mzee kashakosa ndege.

Na nakala iliyokwisha kutoka huwezi kuiita irudi. Nikaweka Cache-Control: max-age=300, dakika tano tu, lakini hiyo inasaidia nakala zijazo. Ikabidi nitengeneze ukurasa wenye jina jipya. Kwa pupa nikawatangazia watu kabla sijamaliza kuupandisha! Wa kwanza kufungua akakuta "Samahani, ukurasa haupo", na maneno hayo nilikuwa nimeyapanga mwenyewe yatoke na 200 badala ya 404, eti yapendeze. Kwa kanuni za wakati ule 404 haikuwekwa akiba bila ruhusa. Yangu ikawekwa. Jina la tatu likatengenezwa, safari hii nikiupandisha kwanza.

Siku hizi HTTPS imezifunga macho proksi nyingi za njiani, ila kashe zimehamia mbele ya seva, na 404 nayo inaweza kuhifadhiwa.

Wenzake mzee hawakuingoja tovuti. Usiku uleule waliandika namba mpya kwa makapeni kwenye katoni, wakaitundika mlangoni mwa bohari. Jumatano saa tisa alasiri tiketi ikalipwa. Ijumaa mchana nikafungua ile anwani ya kwanza kabisa: namba mpya, safi kabisa. Mzee yuko Tanga.