Barua kutoka Boston: Majibu ya Ijumaa Jioni



Ijumaa jioni jirani yangu, mama mtu mzima wa Tanga, aligonga mlango wangu simu ikiwa mkononi. Majibu ya kinyama alichotolewa titini yalikuwa yameingia humo kabla daktari hajampigia. Ndiyo sheria ya Marekani tangu Aprili 2021: majibu yakitoka, mgonjwa ayaone bila kucheleweshwa. Haki njema, ila saa ile kliniki imefungwa, na wa kuulizwa amebaki Google.

"Mwanangu, ni ya tatu," akasema. Alikuwa ameona gredi 3. Akaenda kutafuta mtandaoni hatua ya 3, akasoma habari za tezi zilizovamiwa mpaka alfajiri. Jumapili alikuwa ameshaanza kugawa vitenge vyake.

Jumatatu nilimsindikiza kliniki, na daktari akamuuliza kama ana swali. "Sina, daktari. Ahsante." Ndivyo tulivyolelewa: kumhoji daktari ni kumkosea adabu. Lakini huku ukinyamaza, wanachukulia umeelewa. Nikamnong'oneza, "Mama, toa ile karatasi tuliyoandika maswali." Akaletwa mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, bure, kwa kuwa nayo ni haki ya mgonjwa.

Daktari akachukua kalamu, akachora. Gredi ni jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini, zilivyotofautiana na seli za kawaida. Hatua ni ukubwa wa uvimbe na umbali uliofika. Mama ana gredi 3, na kwa vipimo vya mpaka sasa, hatua ya 1. Ugonjwa wenye haraka, lakini umewahiwa.

Hapo ulimi ukamfunguka. Akataja majani ya mstafeli aliyoshauriwa kwenye WhatsApp, anayoyachemsha kila asubuhi. Daktari hakukasirika. Alisema hayajathibitishwa kutibu saratani ya binadamu, akamwomba ayaache kabla ya kuanza kemo, yasije yakagongana na dawa.

Nanyi ndugu zangu huko nyumbani, najua foleni ni ndefu na dakika za daktari ni chache. Basi nendeni na karatasi yenye maswali matatu: saratani yangu ni ya aina gani, iko hatua gani, na dawa hii ni ya kuponya au ya kupunguza makali? La nne ni kukiri: ninakunywa hiki na hiki.

Jana mama alipita mlango kwa mlango akidai vitenge vyake. Changu nimekirudisha, kimepigwa pasi.

Wenu wa ughaibuni.