Kombe la Mjomba

Ndugu zangu, leo nina kosa la kuungama. Niliwahi kuandika gazetini kwamba zamani sana bahari ilifika Iringa. Ushahidi wangu? Jiwe lililo juu ya kabati la mjomba wangu pale Kihesa. Lina alama ya kombe la baharini, mistari yake yote inahesabika. Tangu tukiwa watoto mjomba alituambia, "Hapa mnapocheza palikuwa bahari." Nani angembishia?

Habari ilipotoka, mwalimu mmoja wa jiografia akanipigia simu. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nalijua jiwe la Gangilonga. Nimelipanda mara ngapi! Akasema miamba ya Iringa ina zaidi ya miaka bilioni 1.8, wakati wanyama wenye makombe walianza kuonekana duniani kama miaka milioni 540 iliyopita. Sasa kombe litaingiaje ndani ya mwamba uliolitangulia hivyo?

Nikajitetea kwa chokaa ya Songwe, kule upande wa Mbeya, inayotengenezewa saruji. Si chokaa hutokana na bahari? Akanijibu taratibu: ya Wazo, Dar es Salaam, ndiyo, ni matumbawe. Ya Songwe imeachwa na chemchemi za maji moto. Nikaishiwa maneno.

Basi nikapanda gari hadi Iringa. "Kamwene, mjomba. Lile jiwe ulilitoa wapi?"

Akacheka kwa aibu kidogo. Kumbe aliliokota Lindi, enzi zile akiendesha lori la korosho.

Lindi! Ndipo nikajua kuwa habari kubwa zaidi ilinipita. Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Yule mjusi wetu aliyeko Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alitoka huko. Lakini katikati ya tabaka zenye mifupa kuna tabaka zenye makombe ya bahari. Maji yalipanda, yakarudi, yakapanda tena. Kombe mojawapo, jamii ya Trigonia, linapatikana pia Kachchh, magharibi ya India. Miaka milioni 150 hivi iliyopita Afrika, Madagaska na India zilikuwa bado majirani wa karibu, na bahari iliyoosha Lindi iliosha na Kachchh.

Yote hayo yanajulikana kwa sababu mtu aliandika kila kombe lilikutwa wapi, kwenye tabaka gani. Mahali lilipolala ndiyo habari yenyewe. Ukilipakia kwenye lori na kuliweka kabatini Kihesa bila maelezo, linageuka shahidi wa uongo.

"Kwa hiyo niliwadanganya, mwanangu?" mjomba akaniuliza.

Hapana, mjomba. Wewe ulikuwa unasimulia wajukuu. Mwandishi wa habari nilikuwa mimi, na kazi ya kuuliza ilikuwa yangu.

Masahihisho yalitoka mistari minne, ukurasa wa ndani. Jiwe lipo palepale kabatini. Chini yake nimeandika kwa kalamu ya wino: Lindi.

Na kwenu je, kuna nini kabatini ambacho hamjawahi kuuliza kilitoka wapi?