Mzabibu wa Uani, Mpunguzi

Kina mama wenzetu, mkishika barabara ya Iringa kutoka Dodoma mjini mtapita mibuyu na ardhi nyekundu hadi Mpunguzi, ambako zabibu ni zao la shambani na la uani pia. Mvua huku ni haba, kama milimita 550 tu kwa mwaka. Baridi kali haipo, hivyo mzabibu haulali kama ule wa Ulaya. Mkasi ndio unaouamsha, na kwa sababu hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Tulikwenda mwezi wa Mei, kina mama wanne wa kanisa, kumtazama mwenzetu mjane. Mzabibu wake ulikuwa umefunika kichanja chote ukapanda hadi juu ya bati. Marehemu mumewe ndiye aliyeupanda, na tangu azikwe, miaka 3 sasa, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kivuli kilikuwa kizuri, hatukatai. Lakini vishada vilikuwa vya kuhesabu, na majani ya ndani yalishikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaopenda mahali pasipopita hewa. Zamani zabibu hizo ndizo zilizonunua sare na madaftari ya watoto.

Hatukumshurutisha. Jirani yake mkulima alimwonyesha kwamba vishada hutoka kwenye machipukizi mapya, yanayochipua katika tawi la msimu uliopita. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Haya, kateni. Shina tu msiliguse."

Tulipangusa mkasi kwa spiriti (mazoea ya wodini hayatutoki!). Yakaanza kutoka matawi makavu na yaliyosongamana. Kisha kila tawi la msimu uliopita likafupishwa, yakabaki macho 2 au 3, mkato ukiwa wa mshazari juu kidogo ya jicho la mwisho. Zaidi ya nusu ya mti ilikuwa chini. Penye mkato maji yakaanza kudondoka. "Unalia," mama akasema. Tukamweleza kuwa ni maji yanayopanda kutoka mizizini, nayo hukoma yenyewe baada ya siku chache. Hakujibu. Aliomba mkasi, akalikata mwenyewe tawi la juu ya mlango.

Majani mazima walipewa mbuzi, yenye ubwiri tukayachoma. Mavuno huja baada ya miezi 4 hivi. Sisi tuliondoka na vipandikizi 12 ndani ya gunia bichi. Mama alivihesabu, akataka kujua kila kimoja kitapandwa kwa nani.