Kina cha Mizizi

Siku chache kabla ya arobaini ya babu, nilitunga shairi la kumkumbuka. Babu alifika Tanga akiwa kijana, manamba kutoka Kigoma, akakata mkonge hata mgongo ukapinda. Nyumba yake aliijenga karibu na mto Mkulumuzi, upitao kando ya mapango ya Amboni. Kina kilijileta chenyewe. Nilimfananisha na kuvumwani ya ukingoni, nikaandika:

Kando ya Mkulumuzi,
Jiwe katia mizizi.

Mjomba alisikiliza beti zote, kisha akauliza, "Hiyo mizizi, mpwa wangu, umeiona?"

Kesho yake nilishuka mtoni. Miamba ya pale ni ya chokaa, na upande wenye kivuli kuvumwani ilikuwa imetanda, mbichi na laini. Sisemi ukoga utelezao chini ya maji, wala kuvu ya chakula kilicholala. Nasema mmea wenye vijani vidogo mno. Nilibandua kipande kwa ukucha. Chini yake hapakuwa na mizizi. Palikuwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo kazi yake kubwa ni kushika. Maji mmea huu huyanywa kwa majani, mvua inyeshapo au umande ushukapo. Ukiyakosa hunyauka ukadhaniwa umekufa; yakirudi, hurudi. Na katika baadhi ya mito ya namna hii, chokaa iliyomo majini huganda juu ya vijani hivyo, ikawa tabaka jipya la jiwe.

Nilikaa pale kitambo. Nilikumbuka kwamba kila babu alipokosana na mtu, aliambiwa arudi kwao. Hakuwa na shamba la urithi, wala kaburi la mzazi la kuonyesha. Mimi, kwa kutafuta kina, nilimpa kitu ambacho maisha yalimnyima, nikaficha kile alichokifanya: alishika bila mizizi, miaka yote ile. Leo sisi wajukuu wake tukiulizwa kwetu, twajibu Tanga, wala hakuna anayetushangaa.

Nilifuta mstari, nikaandika upya:

Jiwe kashika kwa nyuzi.

Mizani ilibaki minane, na kina hakikupotea.

Usiku wa arobaini nililisoma shairi mbele ya jamaa. Mjomba hakusifu wala hakukosoa. Aliomba tu ubeti ule urudiwe.